Migomba Niliyoing'oa kwa Simu

Nilipoanza kazi ya kuwashauri wakulima kwa simu, sikuwa na hata mgomba mmoja. Nimezaliwa Levolosi, katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na familia nyingi, na kijani pekee nilichokulia nacho ni matembele ambayo mama alipanda kwenye ndoo iliyotoboka. Kilimo nilikisomea kwa sababu ndicho kilichonipokea. Magonjwa ya mimea niliyajua vizuri kwenye karatasi. Ungenipa mtihani wa kutaja dalili zake ningekutajia zote, na nilishawahi kutaja nikapata alama za juu.

Ofisi yetu ilikuwa Kimandolu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kilikuwa chumba kirefu chenye meza mbili ndefu, na kila mmoja wetu alikuwa na kompyuta yake na hedfoni zake. Mkulima alipiga namba ya bure kutoka popote alipo, Meru, Monduli, Karatu, akasikia muziki kidogo, kisha mmoja wetu akapokea. Maswali yalikuwa ya kila namna. Mahindi yameingiwa na viwavi. Kahawa inadondosha majani. Ng'ombe hali, mbuzi ametupa mimba, nyanya zinaoza kitako. Sisi tulisikiliza, tukajaza fomu kwenye skrini, na fomu ikijaa kompyuta ilitupa ushauri, nasi tukausoma kwa sauti ya upole kama tulivyofundishwa.

Ukutani palikuwa na ubao mweupe. Kila jioni msimamizi wetu, mama mmoja mkimya aliyependa kuvaa sweta hata wakati wa joto, aliandika majina yetu kwa mpangilio wa simu tulizomaliza. Simu iliyomalizika ni ile ambayo fomu yake imefungwa. Fomu iliyobaki wazi, kwa mfano ukimwambia mkulima akaangalie kitu shambani halafu apige tena, haikuhesabiwa, na ikikaa wazi siku tatu ilikurudia kwa rangi nyekundu. Mimi nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Nilikuwa na kodi ya chumba na mdogo wangu alikuwa sekondari, lakini sitaki kujificha nyuma ya hayo. Ukweli ni kwamba nilipenda jina langu liwe juu kwenye ule ubao.

Ijumaa moja asubuhi, siku ambayo simu zilikuwa nyingi kwa sababu redio ilikuwa imetutangaza, nilipokea simu ya mama mmoja kutoka kijiji cha juu ya Usa River, upande wa barabara ya Momela. Sauti yake ilikuwa nzito, Kiswahili chake cha taratibu, chenye lafudhi ya Kimeru. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeanza kupiga tangu jana. Leo Mungu amenisaidia."

Alinieleza kwamba migomba yake ya mshare, zile ndizi za kupika, iliyozunguka nyumba yote, ilikuwa imebadilika. Majani yalianza kuwa manjano kwenye kingo, kisha yakavunjika na kuning'inia kuzunguka shina. Mikungu ilikuwa midogo. Alikuwa mjane. Shamba aliachiwa na mume wake, na mpaka na shamba la shemeji yake ni mstari wa mimea ya masale tu.

"Shemeji anasema haina ugonjwa," aliniambia. "Anasema ina njaa, niweke samadi. Lakini yeye kila kitu changu anakijua yeye. Nikasema safari hii nitauliza wenye elimu."

Nilicheka. Nakumbuka kabisa nilivyocheka, na nilichosema baada ya kucheka. "Mama, kwani mtaalamu ni nani? Mimi au shemeji yako?"

Naye akacheka, kicheko cha mtu aliyepata mwenzake. "Ni wewe, mwanangu. Ni wewe."

Kwenye fomu kulikuwa na swali moja la lazima. Je, mkulima amekata shina na kuona michirizi ya kahawia ndani? Majibu yalikuwa matatu: ndiyo, hapana, hajakata. Swali hilo lilikuwepo kwa sababu majani ya manjano ni dalili ya mambo mengi. Inaweza kuwa ukame, inaweza kuwa ardhi iliyochoka, inaweza kuwa fukusi wanaotoboa tunguu la mgomba kule chini. Ila mnyauko, ugonjwa ambao dawa yake ni kung'oa tu, unaonekana ndani ya shina. Lazima ukate. Hayo niliyajua. Niliyajua kuliko ninavyojua namba ya simu ya mama yangu.

Nilitakiwa kumwambia achukue panga akakate mgomba mmoja, kisha apige tena. Lakini alikuwa amepiga tangu jana ndipo akanipata, na akipiga tena angeweza kupokelewa na mwenzangu, na fomu ingebaki wazi kwa jina langu. Kwenye kona ya skrini taa ndogo ilionyesha watu waliokuwa wakisubiri. Maelezo yake yalifanana na kitabu. Nikabonyeza ndiyo.

Kompyuta ikatoa ushauri, nami nikausoma. Mnyauko. Ng'oa mashina yote yenye dalili pamoja na yaliyo karibu. Choma au fukia. Usipande aina hiyo mahali hapo kwa muda mrefu.

Nilisikia kuku kwa mbali.

"Yote?" akauliza.

"Yenye dalili, mama, na iliyo karibu."

"Karibu yote ina dalili."

"Basi ni yote, mama. Pole sana. Ukichelewa itaambukiza hata ya majirani."

Hilo la majirani halikuwa kwenye skrini. Niliongeza mwenyewe, kwa kuwa nilijua litamfanya akubali. Akanishukuru. Aliniombea baraka, mimi na wazazi walionizaa, kisha akakata simu. Fomu ikafungwa. Nilipokea inayofuata, nadhani ilikuwa ya kupe.

Siku hiyo alasiri, kabla hatujatoka, iliingia picha kwenye simu ya ofisi ambayo wakulima walitumia kututumia picha. Msimamizi aliigawa kwangu kwa sababu namba ya yule mama iliyotumwa pamoja nayo ilikuwa kwenye fomu yangu. Ilitoka kwenye simu ya mwalimu wa kwaya wa kijijini kwao, maana yule mama mwenyewe alikuwa na simu ya kitochi tu. Picha ilionyesha shina la mgomba limekatwa kwa panga, mkato safi kabisa, na kidole gumba cha mtu kikionyesha katikati. Ndani palikuwa peupe. Peupe kabisa, bila mchirizi hata mmoja. Pembeni, chini karibu na tunguu, palionekana vitundu vidogo vya fukusi.

Chini ya picha mwalimu alimwandikia: "Huu amekata shemeji. Anasema ni mzima. Naomba yule dada wa asubuhi aniambie kama niendelee. Vijana wa kung'oa wanakuja Jumatatu."

Niliitazama picha ile kwa muda ambao unatosha kunywa kikombe cha chai. Kupiga simu kulikuwa ni jambo la dakika mbili. "Mama, nilikosea, using'oe, weka samadi, safisha chini ya migomba, nitakueleza habari za fukusi." Lakini ili kumpigia nilipaswa kufungua fomu upya, na fomu ikifunguliwa upya inampitia msimamizi, na msimamizi angeona ndiyo niliyoibonyeza wakati mkulima hajakata chochote. Mwezi ule ndipo walipokuwa wanaamua nani apewe mkataba.

Kwenye kompyuta, kila picha ilikuwa na sehemu ya kuandika ilipofikia. Nikaandika: imeshughulikiwa.

Jumamosi nilifua. Jumapili nilikwenda kanisani, nikaimba, nikatoa sadaka. Nilikuwa na namba yake, nilikuwa na salio, na hakuna aliyenizuia kumpigia kwa simu yangu mwenyewe bila ofisi kujua. Hilo nililifikiria hapohapo kwenye benchi, mahubiri yakiendelea. Nikajiambia labda shemeji atamzuia. Nilimtegemea yule yule mwanamume niliyemcheka Ijumaa anifanyie kazi yangu. Jumatatu asubuhi nikiwa mezani nilishika simu, nikaangalia saa, nikajiambia watakuwa wameshaanza. Kisha nikaiweka.

Nilipewa mkataba. Mama alipika pilau, akaita majirani wa ule ua, na mmoja wao akaomba dua kwamba mikono yangu iendelee kuwalisha watu.

Ilipita miezi. Siku moja msimamizi aliniita akiwa na uso wa furaha, jambo lililokuwa nadra. Yule mama alikuwa amepiga kushukuru. Alimweleza aliyempokea kwamba alikuwa na ugonjwa shambani, akashauriwa, akatii, na majirani zake wamepona kwa sababu yake. Ofisi ilitaka ushuhuda wa mkulima wa kweli, sauti yake mwenyewe, uchezwe badala ya muziki wakati watu wanasubiri kwenye laini. "Na kwa kuwa ulimhudumia wewe," msimamizi alisema, "nenda wewe. Atafurahi kukuona."

Nilitafuta sababu ya kutokwenda. Nilisema naumwa mgongo. Akasema basi nenda wiki ijayo.

Nilishuka Usa River nikachukua bodaboda. Tulipanda kwenye barabara ya vumbi katikati ya kahawa na migomba ya watu, mirefu, mizito, majani yake yakigusana juu ya njia mpaka kukawa na baridi. Kila mgomba niliokuwa naupita nilikuwa naukagua majani. Kisha bodaboda akapunguza mwendo na kusema, "Ni hapa, dada," nikaona nyumba ya bati imesimama peke yake kwenye jua. Sikuhitaji mtu wa kunieleza nilichokuwa naona. Nyumba zote za huko huzioni mpaka ufike mlangoni, migomba inazifunika. Hii ilionekana kutoka barabarani, na choo chake, na kamba yake ya nguo, na kaburi la mume wake lililojengewa kwa saruji upande wa juu. Kila kitu cha yule mama kilikuwa nje, watu wanapita wanaona.

Alitoka akifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye umri wa kama mama yangu au kumzidi kidogo. Nilipomwamkia alitambua sauti kabla sijajitambulisha. "Ni wewe!" akasema. Alinikumbatia, akanishika uso kwa mikono yote miwili. "Mtoto mdogo hivi! Nilidhani ni mtu mzima."

Alinipikia mtori. Nilikaa kwenye kiti bora cha sebuleni, chenye kitambaa cha kufuma, nikamsikia akimenya na kuponda jikoni huku akinisimulia habari za kwaya. Alipoleta bakuli alisema huku akitabasamu, "Samahani ndizi zenyewe si nzuri. Nimenunua sokoni Tengeru, zilivunwa changa. Zamani ningekukatia mkungu hapo mlangoni."

Nilikula. Nilimaliza bakuli, akaniongeza, nikamaliza na hilo. Sikujua la kufanya isipokuwa kula.

Kisha nikawasha simu, nikamrekodi. Alikaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Alisema jinsi migomba yake ilivyougua, jinsi alivyopiga namba, jinsi dada alivyomjibu kwa heshima. Akasema: "Wapo walioniambia nisisikilize simu. Mimi nimesikiliza. Mwanamke naye anaweza kuamua shambani kwake." Alipomaliza aliniuliza kama amesema vizuri au arudie. Nikamwambia amesema vizuri sana.

Njiani kurudi nilijua alikuwa anazungumza na nani kwenye ile rekodi. Hakuwa anazungumza na wakulima. Alikuwa anazungumza na mtu wa ng'ambo ya masale.

Kuanzia wiki iliyofuata sauti yake ilikaa kwenye laini. Sisi wapokeaji hatukuisikia, ila wakulima waliisikia, na walitueleza. "Nimemsikia yule mama." "Yule mama ameongea maneno mazito." Nilikuwa nasema asante, nauliza shida ni nini.

Kisha alipiga baba mmoja wa upande wa magharibi ya mlima Meru, mfugaji mwenye migomba kidogo aliyopanda kwenye mfereji. Alikuwa na haraka. "Mimi sina swali," alisema. "Nimemsikia mama anasema aling'oa. Yangu nayo ni manjano. Nataka tu uniambie ndiyo, nianze."

"Baba, una panga hapo?"

"Ninalo."

"Kata mgomba mmoja. Mimi nakusubiri. Usikate simu."

Nikasubiri. Nilisikia hatua zake, pumzi zake, panga likiingia mara tatu. Aliporudi nikamuuliza ndani pana rangi gani.

"Peupe," akasema. "Peupe kabisa. Hiyo ni nini?"

"Ni nzuri, baba. Usiondoe hata mmoja."

Nilivua hedfoni nikaenda chooni nikakaa humo. Mtu wa pili alikuwa amekaribia kung'oa shamba lake kwa neno langu, na safari hii hata sikuwa nimelisema. Nilikuwa nimelitia kinywani mwa mama wa watu likawa linatembea lenyewe.

Jumamosi nilirudi kule juu. Sikumwambia mtu yeyote ofisini. Nilibeba sukari na majani ya chai, nikaona aibu ya kubeba vitu hivyo, lakini kwenda mikono mitupu ilikuwa aibu nyingine. Nilimkuta anapalilia maharage mahali palipokuwa na migomba. Alifurahi. Alitaka kwenda kuwasha moto, nikamwomba asiwashe, tukae kwanza.

Tulikaa kwenye benchi nje ya jiko. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Levolosi, yakapotea yote. Nikasema, "Mama, migomba yako haikuwa na ule ugonjwa."

Akageuka kunitazama.

"Siku ile nilitakiwa kukuuliza kama umekata shina. Sikukuuliza. Nilijaza kwamba umekata. Na ile picha uliyotuma Ijumaa alasiri niliiona. Niliiona siku hiyohiyo."

"Uliiona," akasema.

"Niliiona. Shina lilikuwa jeupe. Nilikaa kimya kwa sababu niliogopa kazi."

Alikuwa ameshika jembe dogo la kupalilia, akawa anakwangua udongo uliokauka kwenye mpini kwa ukucha. Alikwangua muda mrefu.

"Mimi macho ninayo," alisema mwisho. "Shina nililiona ni jeupe. Shemeji alilikata mbele yangu akasema, tazama, ugonjwa uko wapi? Nikamwambia ngoja, yule binti atasema. Nilikaa na simu mfukoni Jumamosi nzima. Kanisani niliiweka hapa kifuani, nimeizima mlio, nisije nikaikosa. Jumatatu vijana walipofika niliwapa chai kwanza, waende polepole. Nikasema, huyu binti amesoma. Angekuwa amekosea angepiga."

Nilianza kulia. Akaniangalia, na uso wake haukuwa na huruma wala ukali, ulikuwa umechoka.

"Usilie hapa," akasema. "Watu wanapita."

Nikajifuta.

"Sasa umekuja kufanya nini? Migomba haipo. Nimewaambia watu wote ilikuwa na ugonjwa. Nimesema kwenye simu, watu wa mbali wananisikia, mwalimu wa kwaya kanisikia. Shemeji alikuwa ananicheka, baada ya ile rekodi akanyamaza. Wewe umekuja kutua mzigo wako, unanitwika mimi."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kwa wiki nzima nililia, nikaomba, nikajiona jasiri kwa kupanda lile gari, na muda wote huo sikuwa nimefikiria kwamba ukweli wangu ungemkuta yeye amesimama mahali pabaya zaidi ya nilipokuwa nimesimama mimi. Nilimwambia, jambo nisilojua kama lilikuwa sahihi, kwamba kama anataka sitamwambia mtu yeyote kijijini. Ofisini lazima niseme, kwa sababu ya watu wanaosikiliza laini, lakini hapa kwao nitanyamaza.

Kabla hajajibu, shemeji yake akatokea upande wa masale, na mzigo wa majani ya ng'ombe begani. Alikuwa mzee mfupi, mwenye kofia ya sufu. Nilisimama nikamwamkia, akaitikia vizuri tu.

"Huyu ndiye wa simu?" alimuuliza shemeji yake.

"Ndiye."

Alinigeukia. Hakuwa anatania. "Basi niambie, binti, maana tangu siku ile silali vizuri. Na mimi yangu ni mshare. Ile ilikuwa na ugonjwa kweli?"

Niliangalia chini. Nilikuwa nimetoa ahadi dakika moja iliyopita, na huyu hapa aliuliza kwa hofu ya shamba lake mwenyewe, hofu niliyoitengeneza mimi. Sijui ningejibu nini. Nimejiuliza mara nyingi, na kila nikijiuliza najiona nikijibu uongo.

Yule mama ndiye aliyejibu. "Haikuwa na kitu," alisema. "Mtoto alikosea, nami nikang'oa. Ilikuwa na njaa, kama ulivyosema. Haya, cheka."

Hakucheka. Alishusha mzigo wa majani, akautazama uwanja ule wa maharage mpaka kwenye kaburi la ndugu yake. Kisha akaniuliza, "Wewe kwenu mna shamba?"

"Hapana, baba."

"Hata mgomba mmoja?"

"Hata mmoja."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la jambo lililomsumbua siku nyingi. Akamwambia shemeji yake maneno mawili matatu kwa Kimeru, akabeba mzigo wake, akaondoka.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema, nilikwambia." Alisimama akachukua jembe lake. "Neno hilo ndilo nililoishi nalo tangu nimzike mume wangu. Nilidhani nimelipatia dawa."

Hakunifukuza. Aliniambia tu bodaboda hupatikana pale kwenye kinu, na kwamba mvua ikinyesha barabara inateleza, niende mapema. Sukari na majani ya chai nilivikuta baadaye kwenye mfuko wangu. Alivirudisha bila mimi kuona.

Jumatatu nilimwambia msimamizi kila kitu, na nilimwonyesha ile picha. Aliitazama kwa muda, akavua miwani. Hakunipigia kelele. Alisema, "Umenifanya mimi nimweke yule mama kwenye laini," na hapo nikaona kwamba hata yeye nilikuwa nimemvika aibu yangu. Rekodi iliondolewa siku ileile, muziki ukarudi. Nilipewa barua ya onyo na kurudishwa kwenye majaribio. Swali la shina lilibadilishwa, ukijibu lazima uweke picha. Ubao wa majina haukuondolewa, bado upo.

Nilitaka kumpelekea miche. Nilimpigia kwa simu yangu, nikamwambia nimepata miche safi ya mshare, nitaileta kwa gari. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Shemeji kanipa machipukizi," alisema. "Yanatosha. Kila chipukizi limekuja na maneno yake." Akaniuliza hali ya mama yangu, nikasema mzima, akasema msalimie.

Nimebaki kwenye kazi hii. Watu wawili watatu ninaowaamini wamenishauri niache, na wengine wameniambia nimeshatubu, nijisamehe. Sijui kujisamehe kunafanywaje kama aliyekosewa anaendelea kununua ndizi sokoni. Ninachofanya ni kumwambia mkulima achukue panga, nami nakaa kwenye laini namsubiri, hata ikiwa ni mbali, hata kama jina langu ni la mwisho ubaoni. Mara nyingi ni la mwisho.

Yule mama bado anapiga namba yetu. Hilo linanishangaza kuliko yote. Anauliza habari za fukusi, anauliza vipimo vya samadi, anauliza nafasi kati ya shimo na shimo, na najua shemeji yake angemjibu yote hayo akisimama tu kwenye masale. Mwezi uliopita simu yake iliangukia kwangu. Nilisema maneno yetu ya kupokelea, karibu, nikusaidie nini, nikasikia akivuta pumzi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mwanangu, naomba unipe mwenzako."

Nikamhamishia kwa dada aliyekaa kushoto kwangu. Alimpokea vizuri, akamuuliza amepanda lini, akacheka naye kidogo kuhusu kuku wanaochakura mashimo. Mimi taa yangu ilikuwa inawaka, kuna mtu anasubiri, nikapokea.